Mwizi Aliyeziba Matundu

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata Nahodha aliigusa boti yake kabla ya kuiona. Aliingia ndani, akapapasa kuelekea nyuma, kwenye ubao wa tezi ambapo jana jioni mashine mpya ilikuwa imefungwa. Mkono wake ukashika hewa.

Koplo alipofika gatini, jua lilikuwa doa jeupe tu juu ya maji. Alimkuta Nahodha bado ameunyosha mkono uleule, kama mtu anayesubiri kushikwa.

"Imeibwa," alisema Nahodha. "Na mwizi namjua. Ni mkwe wangu."

Boti ile wavuvi waliiita Bibi kwa sababu ya uzee wake. Mashine yake ya zamani, ndogo na nyepesi, ilikuwa imechoka kiasi cha kuzimika katikati ya safari. Jana Fundi, mume wa binti pekee wa Nahodha, aliishusha hiyo, akaipandisha mpya kwa kapi la gati, akatoboa matundu manne kwenye ubao wa tezi na kukaza bolti. Nahodha alimkaripia mbele ya watu kwa kuchelewesha kazi. Fundi alifunga sanduku lake la spana na kuondoka bila kuaga.

"Ikithibitika ni yeye," Nahodha aliendelea, "binti yangu halali tena katika nyumba ile. Leo hii namrudisha kwangu."

Binti alikuwa amesimama kando, amejikunyata ndani ya sweta.

"Baba, unanivunjia nyumba kwa ajili ya chuma?"

Koplo hakuingilia. Alikuwa mwanamke wa kutazama kwanza na kuuliza baadaye. Alipiga magoti tezini, akawasha tochi. Matundu yote manne yalikuwa yamezibwa. Katika kila moja kulikuwa na kizibo cha mbao, kimechongwa kikanyooka, kimeviringishiwa pamba yenye grisi na kugongwa kikakaa barabara, lisipite hata tone. Bolti na nati zilikuwa zimepangwa ndani ya kopo. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

"Nahodha, umefagia hapa?"

"Nifagie saa ngapi? Nimeingia, nimekosa mashine, nimekuita."

Koplo alibaki amepiga magoti. Amewahi kuona wezi wa haraka, wezi wa hasira na wezi wa njaa. Huyu alikuwa amechukua alichokuja kuchukua, kisha akamfunika mwenye nyumba shuka ili asipatwe na baridi.

Boti ya jirani ilikuwa ya mvuvi aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. Alilala humo humo ndani ya boti.

"Nimeambiwa jana ulisema mashine ile ingependeza zaidi kwenye boti yako," Koplo alianza.

"Nilisema, Afande. Na nikisema mke wa jirani anapika vizuri, nimemwiba?"

"Ulisikia nini alfajiri?"

"Kapi likilia. Halafu gurudumu la toroli, kwi, kwi, kwi, nikadhani ni ndege. Ukungu ulikuwa umeniingia mpaka usingizini." Redio alipunguza sauti. "Na kuna mtu alikuwa akisema, 'Pole, pole, vumilia.' Kwa upole, kama anayemvua mgonjwa shati."

"Sauti ya nani?"

"Afande, katika ukungu kila mtu ana sauti ya marehemu."

Fundi alikuwa karakanani kwake, mashine kuukuu ikining'inia mbele yake kwenye kiunzi cha chuma. Hakuacha kufuta mikono.

"Najua anavyosema baba mkwe. Nilikasirika, sikatai. Lakini niibe kazi ya mikono yangu mwenyewe?"

"Kazi ilikwendaje?"

"Vizuri. Matundu ya juu yalinitoa jasho, ubao ni mgumu kama jiwe. Ya chini keekee ilizama kirahisi. Nikafurahi, nilikuwa nimeshachelewa."

"Na maranda?"

"Niliyaacha sakafuni. Mtu aliyetukanwa hafagii."

"Ungeyaziba matundu kwa kitu gani?"

"Kwa mpira. Mbao na mimi hatupatani, Afande. Kitanda chetu nilikiunga mwenyewe. Mpaka leo kinalia, majirani wanatuheshimu bure."

Koplo karibu acheke. Alirudi kwenye boti, akalala kifudifudi, akapitisha vidole chini ya tangi la mafuta, mahali ambapo ufagio haufiki. Alitoka na kiganja cha maranda. Mengine yalikuwa ya manjano na makavu. Mengine yalikuwa meusi, yenye unyevu, na yalivunjika vidoleni kama keki iliyolowa.

Aliyafunga kwenye leso. Kisha akawaita Nahodha, Binti na Fundi, akawaongoza mpaka kwenye karakana ya Seremala, kaka mkubwa wa Nahodha, mzee aliyemuunda Bibi kwa mikono yake.

Ndani, mwanga ulipenya kwenye nyufa za ukuta na vumbi la mbao lilielea ndani yake bila haraka ya kutua. Toroli lilikuwa mlangoni, gurudumu lina tope bichi. Paka alilala juu ya lundo kubwa la maranda. Seremala alikuwa akipiga randa ubao mpana, na randa lilikuwa likiimba.

"Karibuni," alisema bila kuinua macho. "Nimesikia, mdogo wangu. Pole."

Koplo alifungua leso juu ya meza. Randa likanyamaza.

"Mzee, mwizi huchukua mashine. Ni nani anayechukua na maranda?"

Seremala aliliweka randa mezani.

"Nimejiuliza asubuhi nzima. Mtu huyo anajua kuchonga vizibo, na alijali kwamba boti isijae maji. Basi hakuwa na ugomvi na boti. Maranda aliyafagia kwa sababu yalimwambia kitu, naye hakutaka yamwambie mwingine. Matundu ya juu yametoa mbao nzima. Ya chini yametoa mbao iliyooza."

"Iliyooza?" Nahodha aliruka. "Ubao ule ni mmoja, mgumu, juu mpaka chini! Kaka mwenyewe aliniambia!"

Seremala aliketi juu ya kigogo. Mikono yake ilitafuta kazi ya kufanya, ikakosa.

"Nilikuambia hivyo," alisema. "Mti haukutosha. Chini niliunga kipande laini, nikapaka rangi, nikajipa moyo kwamba nitakibadilisha. Wewe ukaanza kuwaleta watu: tazameni, kaka yangu kachonga hii. Kila mwaka maneno yakawa mazito zaidi kuyatoa. Mashine ya zamani ilikuwa nyepesi, Bibi akavumilia. Jana jioni nilipita kumtazama, nikaona maranda meusi. Hii mpya ungeipa moto kwenye mawimbi, ingeondoka na tezi nzima. Ungezama na vijana wako."

"Kwa nini hukuja kuniambia, Kaka?"

"Nilitaka ubao mpya uwe tayari kwanza." Aligusa mbao iliyokuwa mbele yake: pana, nzito, ya kipande kimoja. "Nikasikia unamshuku mkwe wetu. Nikazidi kupiga randa mbio, kama mpumbavu."

Koplo alimsogeza paka, akafukua lundo. Mashine ililala humo, imevishwa blanketi, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Nahodha, mashine ni yako. Ukishtaki, naandika. Usiposhtaki, narudi kunywa chai."

"Kanywe chai yako, Afande," Nahodha alisema. Kisha akamgeukia Fundi.

"Huyu mzee ameniokoa, na wewe nimekuita mwizi," alisema. "Mwanangu, nisamehe."

Fundi alitazama chini. "Na mimi, baba, keekee ilipozama nilipaswa kusimama. Nilikimbilia kumaliza ili usinifokee tena."

Nahodha akaunyosha mkono, uleule wa asubuhi. Safari hii ukashikwa.

"Nani atashika ncha ile ya ubao?" Seremala aliuliza, akifuta macho kwa kiwiko.

Nahodha na Fundi walishika wote wawili. Binti aliokota randa, akampa mzee.

"Baba Mkubwa, ukimaliza tezi ya Bibi," alisema, "njoo na nyundo nyumbani kwetu. Kitanda nacho kina kesi."