Aliyeshika Mkanda

Jumapili asubuhi Ganief alikuwa jikoni kwake Mitchells Plain, anakula koesister, maandazi matamu ya nazi, gurudumu la fimbo ya kuvulia, lile la kuzungushia mshipi, lilipolia chumbani. Krrrr, kama samaki amekula chambo na sasa anaondoka nacho. Halikuwa na mshipi hata pima moja.

Lilikuwa la rafiki yake Shamiel, aliyechukuliwa na bahari siku arobaini nyuma.

"Umesikia?" Rugaya, mkewe, alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani ananuka chambo kilichooza? Mrudishie Faldiela kitu cha mumewe, Ganief. Naogopa."

Ganief hakutaka kukutana macho na Faldiela. Kwenye miamba ya Rooiels wanaovua kwa kujifurahisha huenda wawili wawili: mmoja anavua, mwenzake anasimama nyuma, amemshika mkanda na kuangalia bahari, maana mawimbi ya kule hayapigi hodi. Akipatikana samaki, wanabadilishana. Siku ile zamu ya kushika ilikuwa ya Ganief. Lakini alikuwa ameikita fimbo yake pembeni, kinyume cha utaratibu, nayo ikapinda. Akaachia mkanda. Alimvuta samaki, kabeljou wa kilo ishirini, na alipogeuka kumwonyesha Shamiel, mwamba ulikuwa mtupu. Fimbo ya mwenzake ilikuwa imekwama kwenye ufa. Akalifungua lile gurudumu, zuri mno kuliacha, akalitia begini kwanza, ndipo akaita watu. Kisha akamwapia mjane bila haya: "Nilitaka kumshika, akakataa. Unamjua kwa ubishi."

Adhuhuri aliitwa Imamu Toyer. Alisoma, akanyunyiza maji, harufu ikazidi.

"Kila mtu ana jini anayetembea naye tangu kuzaliwa," alisema polepole. "Huyu wa Shamiel alikuwepo. Alikuona. Nenda leo kwa Faldiela, umwambie ulichofanya."

"Naam, Imamu."

Lakini Ganief akaingia garini na lile gurudumu, akaenda Rooiels. Heri kulitupa kuliko kuaibika.

Jua lilikuwa linawaka, na chini kwenye mchanga watu wawili watatu walikuwa wakivua. Ganief alipanda mwamba uleule, akasogea ukingoni kwa tahadhari, akainua mkono, na kabla hajatupa, gurudumu lilianza kujizungusha kiganjani, krrrr, krrrr, na ile harufu ikamjaa puani na kooni, na nyuma yake kitu chenye baridi na maji kikampitia kiunoni, kikautafuta mkanda wake kwa utulivu wa mtu aliyeizoea kazi hiyo, kikaushika.

"Tupa tu," sauti ya Shamiel ilisema. "Bahari naiangalia mimi."

"Ndugu yangu, nisamehe. Niliachia. Faldiela, mimi ndiye niliyeachia!"

"Faldiela hayupo hapa, Ganief."

Jioni wale wavuvi wa mchangani walifika kwa Rugaya, wameshika kofia mikononi. Walisema mumewe hakuwa peke yake mwambani. Walimwona mwenzake kwa macho yao, amesimama nyuma, amemshika mkanda barabara kama inavyotakiwa, wala hakuondoa macho baharini. Akangoja mpaka wimbi liliposimama juu yao, ndipo akaachia.