Skima ya Tangi la Bibi Shifa

Kila asubuhi, kabla hajavaa soksi za shule, Sabah alikuwa na kazi tatu, na ole wake mtu aliyemkatiza. Kwanza alichukua kitambaa chenye unyevu akafuta chumvi iliyoganda kwenye kingo za tangi la kioo. Pili, aliongeza maji baridi yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama aliyoichora kwa kalamu nyekundu, kwa sababu maji hupungua kwa kukauka lakini chumvi haiendi popote. Tatu, aliwatupia samaki chakula kidogo kidogo huku akiwahesabu. Tisa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe hajanywa chai.

Tangi hilo lilikaa sebuleni, nyumbani kwao Kibuli, jijini Kampala, ghorofa ya pili. Baba yake, Jibril, alikuwa fundi wa kanzu, na mteja wake mmoja aliyehamia nje ya nchi ndiye aliyemwachia. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, mawe, samaki wa baharini wenye rangi za kila namna, na matumbawe machache yaliyokuzwa na wafugaji, si yaliyovunjwa baharini. Na juu ya kioo Sabah alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: LITA 300. Mgeni hakuketi kabla hajaonyeshwa karatasi hiyo. Baba naye kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, hakukosa wa kumwambia, "Binti yangu ana miaka kumi na miwili tu, na anatunza bahari ya lita mia tatu!"

Lakini mwenye tangi hasa alikuwa Bibi Shifa, mama yake Baba. Babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaselelea Kampala, na Kiswahili chao hawakukiacha. Hata hivyo Bibi mwenyewe, na miaka yake sabini na minne, hajawahi kuiona bahari. Kila siku baada ya swala ya alasiri alivuta kiti chake akaketi mbele ya kioo, tasbihi mkononi, akilitazama tumbawe moja laini lenye vidole vingi vya rangi ya waridi vinavyopepea majini. Alilipa jina la Bi Harusi. "Acheni mimi nikae na bahari yangu," alikuwa akisema, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Sasa wiki hiyo Bi Harusi alijifunga. Vidole vyote vilinywea, akabaki kama kifundo cha kitambaa kilichokunjwa.

"Shikamoo, Bibi," Sabah alisema siku ya Ijumaa aliporudi kutoka shule.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo siku ya nne mwenzangu hajafungua. Nimemkosea nini?" Bibi aliuliza, na macho yake hayakuondoka kwenye kioo. "Hivi anakufa huyu?"

Sabah alisogea kwenye kioo. Aliyaona maji yamekuwa na rangi ya manjano, na mawe yameota utelezi wa kijani ambao kila akiusugua unarudi. Moyo ulimuuma.

Jioni hiyo Baba alimwita. "Nimezungumza na Baba Akoth, yule anayetuuzia samaki. Anasema maji yamechoka, tunahitaji skima, chombo cha kutoa uchafu majini. Kesho twende dukani kwake. Na wewe ndiye utakayechagua, maana tangi hili unalijua kuliko sisi sote."

Sabah alilala akiwa amevimba kwa fahari.

Baba Akoth, yaani Bwana Odera, alikuwa Mkenya aliyetoka Kisumu zamani akafungua duka la samaki wa mapambo kwenye barabara ya kwenda Ggaba. Binti yake, Akoth, alisoma darasa moja na Sabah. Walipofika, Akoth alikuwa akisafisha vioo, na baba yake alikuwa ameweka skima mbili juu ya kaunta, kubwa na ndogo.

"Sabah, umewahi kupika maharage?" Bwana Odera aliuliza.

"Mara nyingi."

"Yakianza kuchemka kunapanda nini?"

"Povu. Mama hulitoa kwa kijiko."

"Basi umeshaielewa skima. Pampu inavuta maji ya tangi, inayachanganya na mapovu madogo sana. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hunasa kwenye hayo mapovu, yakapanda juu kwenye shingo hii, yakamwagikia kwenye kikombe hiki. Wewe kazi yako ni kumwaga kikombe."

"Si tuchukue ile kubwa, uchafu uishe upesi?"

"Kila mtu anasema hivyo," Bwana Odera alicheka. "La! Skima kubwa kwenye maji machache haipati uchafu wa kuitosha. Povu linapanda kidogo, linaanguka, na kikombe kinabaki kikavu. Ndogo mno nayo inazidiwa. Lazima ilingane na maji yenyewe. Hii kubwa ni ya lita mia tatu mpaka mia tano. Hii ndogo ni ya mia moja mpaka mia mbili. Halafu kuna jambo jingine: nikishafungua sanduku, aliyeniletea hapokei tena. Kwa hiyo niambieni, tangi lenu ni lita ngapi?"

"Mia tatu!" Baba alijibu kabla Sabah hajafumbua mdomo. "Binti yangu alizihesabu mwenyewe. Jerikeni kumi na tano, za lita ishirini ishirini."

Bwana Odera alitikisa kichwa kukubali. Kampala nzima inapima maji kwa jerikeni. Nani angeuliza zaidi? Akavuta sanduku la ile kubwa, akaanza kutafuta kisu.

Pale kwenye vioo, Akoth alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Sabah, njoo uwaone samaki wapya," aliita. Walipofika nyuma ya matangi alimshika mkono, akashangaa kwa Kiganda. "Banange, wewe! Umesahau zile ngazi?"

Sabah hakuwa amesahau. Siku ile ya kujaza tangi Baba alikuwa amesafiri kwenda Mbale kununua vitambaa, na wao wawili ndio waliobeba maji kutoka kwenye duka la maji yaliyochujwa, chini barabarani. Jerikeni iliyojaa iliwashinda kwenye ngazi ya kwanza tu. Wakaamua kujaza nusu nusu. Kila walipopanda, Sabah alichora mstari mmoja kwenye karatasi, mistari kumi na tano. Baba aliporudi aliihesabu mistari, akapiga hesabu kichwani, akapaza sauti, "Lita mia tatu! Mashaallah!" na akamwinua Sabah juu kama mtoto mchanga. Sabah alitaka kusema. Kweli alitaka. Lakini ile furaha ilikuwa tamu mno, akanyamaza, na kesho yake akaandika karatasi ya kubandika kwenye kioo.

"Sikusahau," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi sema."

"Nitasemaje, Akoth? Msikiti mzima unajua mia tatu. Darasa zima linajua. Baba ataniona mwongo."

Akoth alimkazia macho. "Na lile tumbawe la bibi yako je?"

Hapo Sabah akamwona Bibi kwenye kiti chake, akiuliza kama amemkosea mwenzake. Akakumbuka na jambo jingine: Bwana Odera aliwauzia samaki tisa kwa kuamini kwamba wataishi kwenye lita mia tatu. Kumbe maji yamechoka kwa sababu samaki wamejazana! Si Bibi aliyemkosea Bi Harusi. Ni yeye, Sabah, na karatasi yake.

Kisu kilikuwa kimeshagusa gundi ya sanduku.

"Baba, ngoja! Baba Akoth, usifungue!"

Wazee wote wawili waligeuka. Sabah alisimama mbele ya kaunta, akasema yote bila kuficha: ngazi, nusu nusu, mistari, na kimya chake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Baba aliuliza. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Ulifurahi sana, Baba. Niliogopa kuiharibu furaha yako."

Baba alishusha pumzi ndefu. Mkono wake ukapanda shingoni, ukakutana na futi lake la ushonaji, ambalo halimtoki hata siku ya mapumziko. Akalitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Odera, ndugu yangu," alisema polepole, "miezi mitatu nimetamba na tangi lile. Mimi, fundi wa kupima watu, sikuwahi kuvua hili futi nikalipima. Aibu hii tugawane."

"Nipeni na mimi fungu langu," Bwana Odera alisema, akiweka kisu chini. "Niliuza samaki bila kuuliza urefu na upana. Haya, nendeni mkapime. Na mpime pia nafasi iliyoko kati ya tangi na ukuta, kwa sababu skima inaning'inia nyuma."

Walirudi Kibuli kwa bodaboda, na kabla hata ya kunywa maji Baba alimkabidhi Sabah futi. Sabah alipima, Akoth, aliyekuja nao, akaandika. Urefu sentimita tisini. Upana arobaini. Kina cha maji arobaini na tano. Walizidisha namba hizo, wakairudia hesabu ili wasikosee: sentimita za ujazo laki moja na elfu sitini na mbili, na kila elfu moja ni lita moja. Lita mia moja sitini na mbili. Ukitoa nafasi ya mawe, zinabaki kama mia moja na hamsini. Nyuma ya tangi palikuwa na sentimita kumi na tano tu.

"Ile kubwa inataka kumi na nane," Akoth alisema. "Hata kuingia isingeingia!"

"Basi nimechagua," Sabah alisema. "Ile ndogo. Na samaki watatu warudi dukani."

Kati ya hao watatu, mmoja alikuwa wa buluu, mkubwa, aliyempenda kuliko wote. Yeye ndiye aliyekula sana na kuchafua sana. Hakuna aliyemlazimisha kumtoa. Alimvua mwenyewe kwa wavu, akamtia kwenye mfuko wa maji, na machozi akayafuta kwa bega.

Samaki hao walirudishwa dukani, ile skima ndogo ikaletwa, ikafungwa siku hiyo hiyo. Wee, Sabah alidhani povu litapanda papo hapo! Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, mapovu yaliruka ovyo kisha yakalala. Alimpigia Bwana Odera simu, sauti ikiwa karibu kulia.

"Chombo kipya kina mafuta mafuta ya kiwandani. Kiache kizoee," alijibiwa. "Badilisha maji kidogo kila siku mbili, lisha kidogo, na usikiguseguse."

Sabah alitii. Aliamka mapema akabadilisha maji, akasugua mawe kwa mswaki wa zamani, na mikono yake ikanuka chumvi mpaka darasani. Siku ya tano, alipotoka shule, alikiona kikombe cha skima kimejaa kitu cheusi kama chai ya rangi iliyokolea.

"Baba! Bibi! Njooni!"

Alikifungua kikombe. Lo, harufu yake! Bibi aliziba pua kwa ncha ya mtandio. "Subhanallah! Bi Harusi wangu alikuwa akioga uchafu huu?" Baba alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akakiinua juu kama mchezaji aliyeshinda kombe, akakizungusha sebule nzima huku kila mtu akimkimbia na kucheka.

Wiki ya pili ilipokuwa ikiisha, baada ya swala ya alasiri, Bibi aliita kwa sauti ambayo Sabah hakuwahi kuisikia. Kidole kimoja cha waridi kilikuwa kimefunguka. Kesho yake viwili vikafuata, na kufikia Ijumaa Bi Harusi alikuwa akipepea kama zamani, maji yakiwa meupe kiasi kwamba ungedhani tangi ni tupu.

Ijumaa hiyo Baba alikuja na rafiki zake kutoka msikitini. Mmoja wao alisoma karatasi mpya iliyobandikwa kwenye kioo. "LITA 150. IMEPIMWA. Ala! Jibril, si ulituambia mia tatu?"

Sabah alitamani sakafu impokee. Lakini Baba alimvuta, akamsimamisha mbele yake, mikono yake mabegani mwa binti yake.

"Nilikosea, nanyi nisameheni. Mteja akiniambia yeye ni mrefu, simkatii kitambaa kwa maneno yake, namzungushia futi. Hapa nilisahau kazi yangu. Huyu binti alisimama dukani mbele ya watu, kisu kikiwa juu ya sanduku, akasema ukweli uliomwaibisha. Angeongopa tena, tungenunua chombo kisichotufaa, na samaki wote wangekufa na sifa zetu. Mwanangu, kusema ukweli mapema ni rahisi, na kuusema umechelewa ni kazi ngumu. Wewe uliiweza ile ngumu. Zamani nilijivunia lita zako. Leo najivunia wewe."

Wageni walisema mashaallah kwa pamoja. Sabah aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilimshinda kulificha.

Bibi Shifa, ambaye muda wote hakugeuza macho kutoka kwenye kioo, alivuta kiti chake karibu zaidi. "Msinizibie," alisema. "Bahari yangu ni lita mia moja na hamsini, na zote ni za kweli. Sabah, mwanangu, njoo ukae nami."