Wifi Aliyesingiziwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kidole alipita sebuleni kuwasha kompyuta ya mama yake. Baba ndiye aliyembandika jina hilo, maana mtoto huyo hakuweza kuona kitufe akakiacha. Mama alikuwa mshonaji, na vipimo vya wateja wake, viuno, mabega na mikono, vyote alivihifadhi humo. Iliwashwa mapema kwa sababu ilichelewa kuwa tayari. Kidole alioga, akavaa sare, akamaliza chai, na kile kiduara kikawa bado kinazunguka kwenye kioo.

Mama alishajaribu mengi. Aliipangusa vumbi, akaifunika kitambaa cha maua ili ipumzike, akaisogeza dirishani ipate hewa. Siku mteja mmoja alipochoka kusubiri vipimo vyake akaondoka na kitambaa chake kwapani, mama alikasirika hasa. Kompyuta ile alipewa na shangazi yake Kidole, dada wa baba.

"Wifi ndizi kala yeye," alisema, "mimi kaniachia ganda."

Tangu hapo shangazi akipiga simu, mama hapokei.

Kidole alisikia, akainamia daftari. Tangu likizo alikuwa ameingiza michezo na programu kumi na moja kwenye kompyuta hiyo. Kila moja ilipouliza kama ijiwashe pamoja na kompyuta, alibonyeza ndiyo bila kusoma. Sasa kila mara shangazi alipotajwa, alitafuta sababu ya kutoka nje.

Jumamosi mama alimpigia fundi wa kompyuta, mwanamke mpole wa mtaa wa pili, akamweleza kuwa tatizo ni wifi. Fundi akaja, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha intaneti, akakigeuza, akahesabu taa zake, akasema mbona wifi ni nzima.

"Siyo hiyo, fundi," mama alisema. "Wifi yangu mimi, dada yake mume wangu. Ndiye aliyenipa mashine hii. Niambie tu kuwa ni mbovu, nimrudishie leo leo."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Siku nyingine Kidole angecheka naye. Leo alitazama kucha zake.

Fundi akaketi, akafungua orodha ya programu zinazoamka kompyuta inapowashwa. Akasema mashine haina ubovu wowote.

"Ila tazama, mama. Zote hizi zinagombea mlango mmoja kwa wakati mmoja. Hata ng'ombe zizini hutoka mmoja mmoja. Nani kaziweka?"

"Nani tena, si wifi?" Mama alishachukua simu, anatafuta namba.

"Ni mimi, mama," Kidole alisema. "Shangazi hakuweka hata moja. Nilinyamaza nikiogopa kukatazwa michezo."

Mama hakufoka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikaa polepole kwenye kiti cha cherehani.

"Wiki tatu nimemnunia dada wa watu, na wewe unanitazama tu?"

Machozi yakamdondokea Kidole kifuani.

Fundi alimpisha kitini, akamwongoza: hii izuie isijiwashe, ile futa kama huitumii, ya kuzuia virusi iache. Wakaizima, wakaiwasha tena. Kabla mama hajatunga uzi kwenye sindano, vipimo vilikuwa wazi kwenye kioo. Hakuna aliyeshangilia.

Mama akampa Kidole simu aseme mwenyewe. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema. "Nami nilikuwa silali, najiuliza nimemkosea nini mama yako."

Kidole alitamani ardhi ipasuke. Mama akaichukua simu, akaomba radhi naye, kwa kumhukumu mwenzake bila kumuuliza. Alipoikata, alimvuta binti yake karibu.

"Kubonyeza vibaya ni kosa dogo, mwanangu, hata mimi nakata kitambaa upande. Lakini ukimwona mtu anabebeshwa kosa lako nawe ukakaa kimya, umedanganya bila kufungua mdomo. Useme siku ileile, kabla hajaumia."