Kitambaa Cheupe kwenye Bomba la Moshi

Maiti ya Twalibu ilikuwa imelala chali kwenye kona ya barabara ya vumbi inayoingia Mzenga, macho wazi, kana kwamba anasubiri mtu amweleze kilichompata. Pembeni yake pikipiki kubwa ya mbio, nyekundu, ilikuwa imelala ubavu kwenye majani.

Watu walisimama mbali kidogo wakinong'ona. Neno lilikuwa moja tu: mwendo. Kijana kajiua kwa mwendo.

Inspekta Atupele, mpelelezi wa wilaya ya Kisarawe, alichuchumaa. Kisogo kilikuwa kimebonyea, lakini viganja na magoti ya marehemu havikuwa na mchubuko wowote. Taa ya pikipiki nzima. Vioo vizima.

"Koplo Adamu, umewahi kuona mtu kaanguka na pikipiki akafa, na kioo kisipasuke?"

"Bado, Afande."

Bomba la moshi lilikuwa limeviringishwa kitambaa kinene cha kukinga joto, kama mguu uliofungwa bandeji. Kilikuwa cheupe. Atupele alikibonyeza kwa kidole chenye glavu, maji yakachuruzika. Umande hauloweshi kitu namna ile.

"Kipige picha. Kisha kata kipande kihifadhiwe."

Daktari aliyeukagua mwili alisema ni pigo la kitu kizito, butu. Jiwe linaweza. Chuma kinaweza. Zaidi ya hapo hakutaka kuapa.

Nyumbani kwa marehemu, Bi Mboni alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema kajiua. Nimemlea peke yangu yule, baba yake kafa yeye yuko mgongoni. Sitaki nimsindikize kwa Mola wake na maneno hayo. Niambie ukweli kabla hawajambeba."

"Wanambeba lini?"

"Wakishaswali alasiri."

"Jana alikwenda wapi?"

"Kibaha, Kwa Mathias, kwa fundi Hussen. Lile dude lilikuwa linatoa joto kama tanuri. Alikwenda kulifungia kitambaa." Alionyesha kwa kidevu upande wa makaburini. "Hussen ni mkwe wa majirani zangu. Amewahi kufika, masikini. Yule kule anachimba."

Atupele alitazama. Mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, akitupa udongo juu bila kupumzika. Wenzake walikuwa wameegemea majembe, wakimwacha afanye.

Pikipiki ilipofikishwa kwenye uwanja wa ofisi ya kata, Atupele aliagiza iwashwe. Injini ilinguruma. Haikuchukua muda, moshi ukaanza kufuka kwenye kitambaa, ukazidi, ukanuka kama nywele zinazoungua. Weupe ukawa manjano, manjano ikawa kahawia.

"Zima," alisema.

Adamu alizima, akabaki ameduwaa. "Afande, kutoka Kibaha mpaka hapa..."

"Kingefika cheusi. Pikipiki hii haikuendeshwa, Adamu. Ililetwa."

Walirudi msibani, Hussen akaitwa kutoka shimoni. Alikuja akipangusa udongo mikononi, akasimama nyuma ya gari la polisi.

"Twalibu alitoka kwako saa ngapi?"

"Jua linazama. Nikamwambia, dogo, hilo dude si la barabara ya vumbi. Akacheka tu."

"Kitambaa ulifunga wewe?"

"Mimi. Kaulize Kwa Mathias nzima. Kwenye joto la hizi pikipiki kubwa hakuna mwingine."

"Mimi mshamba wa mambo hayo. Unafungaje?"

Uso wa fundi ulichangamka. "Kwanza unakiloweka kilainike. Unaviringisha kikiwa kimebana, unakaza vibanio. Halafu unawasha injini, unaiacha mpaka kitambaa kimalize moshi na kibadilike rangi. Usipofanya hivyo, mteja akifika mbele ataona moshi, adhani anaungua."

"Ya Twalibu uliwasha?"

"Lazima. Bila kuwasha kazi haijaisha."

Atupele alimwonyesha picha kwenye simu. "Hii ni ya leo asubuhi. Kitambaa cheupe, Hussen. Na kinatoa maji."

Fundi aliitazama picha. Ule uchangamfu ukatoka usoni pake taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Kwa nini hukuwasha?"

"Kelele," alisema. "Majirani wangetoka."

Adamu alisogea nyuma yake.

"Alikuwa amechuchumaa ananitazama nafunga. Nikampiga na spana ya magurudumu. Nikamalizia kufunga, nikavipandisha vyote, yeye na pikipiki, kwenye pikapu, nikaja kuviacha pale konani."

"Ulimalizia kufunga?" Adamu aliuliza.

"Kazi ya mtu huwezi kuiacha nusu."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya fundi anayemweleza mteja.

"Alikukosea nini?"

"Alisema anataka kitambaa kwa sababu bomba limemchoma dada mmoja aliyempakia. Jina hakutaja. Mke wangu ana jeraha la moto kwenye shavu la mguu, kwa ndani, kalipaka dawa ya meno. Aliniambia ni jiko la mkaa. Jiko linamchomaje mtu upande wa ndani wa mguu?"

"Ulimuuliza?"

"Sikutaka anidanganye mara ya pili."

Yasmin, mkewe, aliitwa kutoka kwa akina mama. Aliona pingu mikononi mwa mumewe, akasimama.

"Hilo jeraha ulilipata wapi?" Atupele aliuliza.

"Kwenye pikipiki ya Twalibu." Hakubabaika. "Niliambiwa mama yangu kaanguka huku. Nilimpigia Hussen, hapokei. Twalibu alikuwa anarudi kwao, nikamsimamisha. Ndiye aliyembeba mama mpaka zahanati, na yuko hai."

"Ukasema jiko."

"Hussen aliniapia kwamba siku nikipanda pikipiki ya mwanamume, talaka yangu iko mkononi. Nikamwambia nimekuja na basi. Na Twalibu nilimwomba asinitaje kwa mtu."

Hussen alimtazama mkewe mguuni. Akakaa vumbini.

Atupele alikwenda kwenye mkeka, akapiga magoti. "Mama, mwanao hakujiua. Pikipiki haikuwa hata imewashwa." Kisha akamweleza yote, bila kuficha jina.

Bi Mboni alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilicheza kwa dua, halafu akainua uso kwa wanaume.

"Lile shimo lifukieni. Mchimbieni mwanangu jingine."

Hakuna aliyebisha. Adhana ya alasiri ilipita, majembe yakaendelea.

Yasmin alikuwa bado amesimama uani. Wanawake waliokuwa karibu naye walijivuta pembeni, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake. Bi Mboni alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakusanya kanga yake, akasogea, mkeka ukapata nafasi.

"Njoo ukae," alisema. "Kisomo kinaanza."