Nyimbo Alizozikumbuka Kauko

Kauko alikuwa na dakika kumi na nne kabla ya zamu yake ya kazi, na foleni ya njegere sokoni Laukontori ilikuwa ndefu. Ilikuwa Jumamosi ya Julai. Jua lilikuwa limewaka hata mji mzima wa Tampere, Finland, ukavua masweta, na kila mtu alitembea na mfuko wa njegere mbichi akimenya na kutafuna. Alipofika mbele, redio iliyoning'inizwa kwenye mwamvuli wa kibanda ikaanza valsi ya zamani, ile ya ziwa na mashua ambayo haikosi kupigwa kiangazi kikiingia.

Kauko akasahau alichokuja kununua.

"Lita moja au mbili, bwana?" muuzaji akauliza.

Kauko aliendelea kuitazama redio.

"Bwana, nyuma yako kuna watu."

"Samahani. Ni huu wimbo."

"Hata mimi ukipigwa huu napima kupita kiasi. Bahati yako." Akamjazia mfuko hadi njegere zikamwagika mezani. "Unakukumbusha nini?"

"Msichana wa gauni la manjano. Alinikanyaga mguu mara tatu tukicheza dansi ukumbini kando ya ziwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Baada ya hapo?"

"Akanikanyaga mara ya nne."

Muuzaji alicheka mpaka kofia yake ya ukindu ikateleza kisogoni. Aliitwa Lahja, mwanamke wa miaka hamsini na minne, aproni ya buluu yenye madoa meupe, vidole vimeiva wekundu kwa stroberi. Majira ya baridi alipika katika shule moja. Kiangazi alikuwa wa sokoni.

"Na wewe, unakukumbusha nini?" Kauko akauliza.

"Makasia. Harufu ya lami ya mashua. Haya nenda, tramu itakuacha."

"Haiwezi. Mimi ndiye dereva."

Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia. Kila akija alikuja na wimbo mmoja wa kiangazi na kumbukumbu yake. Kulikuwa na wimbo wa kuogelea uchi mwezi Juni, maji yakiwa bado kama barafu. Kulikuwa na wimbo wa mbwa aliyeogopa maji, na wimbo wa baiskeli moja iliyobeba watu wawili na keki ya sherehe, na keki haikufika. Lahja naye alitoa zake, na soko likifungwa waliendelea kwa simu.

"Umekula?" Kauko alikuwa akiuliza.

"Nimekula. Wewe unanipigia kuniuliza chakula?"

"Nakupigia kusikia sauti. Chakula ni kisingizio."

"Mzee mzima una maneno kama mvulana wa sekondari."

"Mvulana wa sekondari ana nywele. Mimi nimebakiwa na maneno tu."

Mwanzoni mwa Agosti Kauko akamwalika dansi, kwenye ule ule ukumbi wa mbao kando ya ziwa. Lahja alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni na kumwagika magotini, viatu vya kisigino kifupi, lulu za mama yake masikioni. Kauko alipomwona kwenye kituo cha basi alivua kofia asijue aiweke wapi. Walicheza tango mbili, wakacheza valsi, na Lahja akahisi mkono wa Kauko mgongoni mwake umetulia, kama mtu aliyefika nyumbani.

Walipokwenda kunywa kahawa, mama mmoja mwenye mvi akamshika Kauko bega. Walikuwa majirani zamani.

"Kauko, moyo wangu umefurahi. Irmeli angependa kukuona unacheza tena, na hapa hapa mlipokutana. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa si mchezo."

Mama yule akaenda zake. Lahja akaweka kikombe chini taratibu.

"Irmeli ndiye wa gauni la manjano?"

"Ndiye."

"Alifariki lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Uliniambia unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu."

"Kuishi peke yako na kufiwa na mke ni vitu viwili, Kauko. Umenipa nyimbo kumi na saba. Zote ni zake?"

Kauko angeweza kudanganya, lakini alihesabu kimoyomoyo kwa uaminifu wake wote. "Kumi na sita. Ule wa mbwa ni wa kaka yangu."

Lahja hakucheka. "Kwa hiyo mwezi mzima nimekaa nikisikiliza ndoa ya watu, nami nikidhani ni mapenzi yangu yanaanza." Akachukua mkoba, akapanda basi la kurudi mjini. Kauko akabaki na vikombe viwili.

Siku nne simu iliita na Lahja hakupokea. Sokoni alikuwa mkali, na wateja waliofinyafinya stroberi walikiona. Siku ya tano, mchana, redio ikapiga tena ile valsi. Alinyoosha mkono aizime, mkono ukaishia njiani. Aliyaona makasia. Akaona pia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mikono iliyoyashika.

Akampigia Kauko hapo hapo, foleni ikitazama.

"Uko wapi?"

"Mwisho wa reli, Hervanta. Nakula mkate."

"Mashua haikuwa ikijipiga makasia yenyewe."

"Mashua gani, Lahja?"

"Ya kwenye wimbo wangu. Aliyepiga makasia anaitwa Esko. Alikuwa mume wangu miaka kumi na sita, kisha akahamia Uswidi na mwenzake wa kazini. Nilimtoa kwenye wimbo nikayaacha makasia. Nawe hukuniuliza, ukaniamini." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo sina haki ya kukununia. Ila niambie, kwa nini ulimficha?"

Lahja alisikia mkate ukiwekwa chini.

"Kwa sababu ulicheka," Kauko akasema. "Miaka mitatu nikimtaja Irmeli watu wananiinamishia vichwa. Alikuwa mtu wa vichekesho, Lahja, na mimi nilikuwa nimesahau. Wewe ukacheka nilipokanyagwa, nikataka kusimulia tena na tena. Nilijua nikisema ni marehemu, na wewe utainamisha kichwa."

Lahja akajifuta macho kwa kiganja, akabaki na alama ya stroberi shavuni.

"Bado unampenda?"

"Nampenda. Lakini simu nampigia mwingine, na hapokei."

"Sasa si amepokea? Jumapili nipeleke kwa Irmeli."

Jumapili walikwenda makaburini Kalevankangas, chini ya misonobari. Lahja alivaa sketi ya kitani na viatu visivyoogopa udongo. Alijaza maji kwenye kopo la bustani, akamwagilia begonia, akang'oa magugu mawili yaliyomponyoka Kauko.

"Irmeli, mimi ni Lahja," akasema, kwa sauti ile ile ya kuwaita wateja. "Nimesikiliza mambo yako bila ruhusa. Ile keki nimeihurumia sana."

Kauko akageuka upande, mabega yakimtikisika. Lahja alidhani analia. Alipomsogelea akakuta ni kicheko.

Wakiwa getini Kauko akasema, "Nina vyumba viwili na roshani inayopata jua la jioni. Ungehamia kwangu?"

"Wanaohamiahamia ni wanafunzi. Niombe vizuri."

"Nikipiga goti sitainuka."

"Omba umesimama, nani kakukataza?"

"Lahja, utanikubali niwe mume wako?"

"Nimekukubali. Ila ningoje hadi Septemba, nimalize msimu wa soko."

Waliandikishwa ndoa Ijumaa ya mvua, mashahidi wakiwa binti wa Kauko na mpishi anayefanya kazi na Lahja shuleni. Gauni lilikuwa la kijani kibichi, na shati la Kauko lilipigwa pasi mara mbili. Mama aliyewafungisha ndoa akafungua kompyuta, akauliza wangependa wimbo gani wakati wa kutia sahihi.

Kauko akamtazama Lahja. Lahja akafikiri kidogo.

"Wowote," akasema, "mradi sisi wawili hatujawahi kuusikia."

Yule mama akatafuta kwa muda mrefu. Kila alioujaribu, mmoja wao alitikisa kichwa kwamba anaujua, na foleni ya maharusi nje ikaanza kunung'unika.