Kivuko Kilichohamishwa

Shida ilianza na beseni la nguo. Mke alikuwa amelibeba, akafika katikati ya korido ya nyumba yake mwenyewe, akasita, akatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Unamsubiri nani?" mumewe akauliza.

"Sijui. Miguu imekataa," akajibu kwa sauti ya chini. "Kama kuna mtu anapita."

Mume akacheka. Mtaa mzima ulimwita Chokaa, maana kazi yake ni kuchora alama za barabarani na viatu vyake havikosi weupe. Basi hata nyumba ilipoanza kunuka rangi mbichi, nani angeshtuka? Kumbe Chokaa yuko likizo, na ndoo zote ziko bohari.

Jioni moja wakasikia kandambili zikivuka korido, chap, chap, kutoka ukuta hadi ukuta, na huko kote hakuna mlango. Binti yao wa darasa la pili hakuinua hata kichwa.

"Ni shangazi," akasema. "Anavuka."

Chokaa akatega sikio. Alizijua kandambili zile. Fundi cherehani wa jirani, ambaye binti alizoea kumwita shangazi, alikuwa nazo miguuni siku aliyogongwa na gari akafa. Mahakamani, wakili wa dereva alisema marehemu alivuka nje ya kivuko cha waenda kwa miguu, kwa hiyo kosa ni lake mwenyewe. Chokaa akaitwa. Kivuko kiko wapi? Akaonyesha kilipo. Hakusema uongo hata chembe, ila hakuna aliyemuuliza kilikuwa wapi siku ya ajali. Baada ya mazishi, kabla ya kesi, alitumwa akipake upya. Pale pa zamani maji yalikuwa yametuama, na rangi haishiki penye maji, basi akaifuta mistari ya zamani kwa rangi nyeusi, akachora mingine mbele kidogo, pakavu. Kurahisisha kazi tu. Dereva akaenda zake, na watoto wa marehemu wakatoka mikono mitupu.

Bibi mganga alipoletwa, moshi wa ubani ulifika katikati ya korido ukasimama, ukangoja, ndipo ukaendelea.

"Huyu si mzimu mtupu," akanong'ona. "Ni jini la barabarani, limeshika haki ya marehemu. Kwa ubani halitoki. Nenda kaseme kwa hakimu."

"Nitafukuzwa kazi, bibi."

"Shauri yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Kesho yake mistari myeupe ilikuwa imelala sakafuni, mibichi. Chokaa akafanya alivyozoea: akachukua rangi nyeusi bohari, akaifuta. Nyumba ikatulia kweli. Kandambili zikanyamaza, mke akapita na beseni lake bila kusita, naye akajisifu moyoni kuwa amelizidi jini ujanja.

Hata asubuhi moja, akimpeleka binti shule, akageuka kumsalimu jirani, na alipotazama tena mtoto alikuwa amesimama palipokuwa kivuko cha zamani, akaangalia kulia, kushoto, kulia, kisha akaingia barabarani taratibu, akirukia mstari hadi mstari pasipo na mstari wowote, mkono mmoja ameunyoosha juu kama ameshikwa na mtu mzima, na lori linakuja, na harufu ya rangi mbichi imetanda, Chokaa akakimbia.

Alimnyakua. Breki zikalia.

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Kivuko si kile pale, mzee? Ningemuua, kosa lingekuwa la nani?"

Chokaa akaitazama lami, nyeusi tii. Soli za viatu vya mwanawe zilikuwa nyeupe, zinachuruzika.

"Kilikuwa hapa," akasema, machozi yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyekihamisha. Kilikuwa hapa."

Akamvuta mtoto waondoke. Mkono ule aliounyoosha mtoto haukushuka. Ulibaki juu, vidole vimekunjwa juu ya vidole visivyoonekana.

"Baba," mtoto akanong'ona, "shangazi amesikia. Anasema ataniachia tukifika kwa hakimu."