Sindano Isiyo na Jina

Krrrr. Kimya. Halafu krrrr tena, taratibu, kama ukucha wa mtu unaokokotwa juu ya bati bila kupinda wala kuharakisha.

Tusekile akafumbua macho. Kwanza aliwaza panya. Kisha akakumbuka kwamba umeme ulikatika tangu jioni, Tunduma nzima giza, hata malori ya foleni ya mpakani yamezima taa. Sasa kile kitaa chekundu cha mashine kule karakana, nyuma ya pazia, kinawaka kwa umeme wa nani?

"Baba Tumaini," alinong'ona. "Baba Tumaini, amka. Mashine yako inatembea."

"Nimeizima," Mbonile akajibu usingizini. "Lala, mama."

Hakulala. Alimvuta mtoto kifuani akasikiliza mpaka jogoo wakawika.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupigia santuri, ya Kijapani, kongwe kuliko Tusekile. Mbonile, fundi redio, aliipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa ajili ya Mzee Sebastian wa kijiji cha Mpemba, aliyerithi santuri za baba yake akakosa cha kuzipigia. Mashine nyingi za santuri mkono wake huchora tao. Mkono wa hii ulijificha ndani ya kifuniko, mfupi kama kidole, ukitembea juu ya reli yake, umenyooka kutoka ukingoni mpaka katikati. Tena ulikuwa na jicho dogo la taa. Jicho lisipoona kitu juu ya sahani inayozungusha santuri, sindano haishuki.

"Ina akili kuliko mimi," Mbonile alisema.

"Hilo si la kujivunia," Tusekile akamjibu, wakacheka.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua kichwa cha sindano, kile kidude cheusi kinachofungwa kwenye ncha ya mkono. Alikuwa navyo vitatu. Cha kwanza kizito, cha madisko, akakisukuma pembeni: "Mkono mwepesi hivi, ukiupa hiki ni kumtwika mtoto gunia la kahawa." Cha pili kipya, chepesi, kimetoka Dar, kikaimba safi. Cha tatu kilikuja na mashine, hakina jina wala namba. Alipokifunga na kushusha sindano, Mbonile akashika kiuno.

"Sikia, Tuse! Sikia huyu mwimbaji! Utadhani yupo humu ndani, amevuta stuli, amekaa."

Tusekile alisikia. Nywele zilimsimama, ila akatabasamu, maana mume akifurahi unafurahi naye. Kikachaguliwa hicho. Na ndio usiku ule ile krrrr ilipoanza.

Asubuhi Tumaini, binti wa miezi saba, alilia kwa sauti ya kukwaruza. Siku iliyofuata sauti ikawa nyembamba kama uzi. Kisha ikafika asubuhi mtoto akafungua mdomo, machozi yakamtiririka, kifua kikapanda na kushuka, na sauti isitoke kabisa. Zahanati walimulika koo: safi. Mafua, mama, mpe muda.

"Si mafua," Tusekile alimwambia jirani yake Goodness, anayebadilisha fedha kule mpakani. "Mle ndani mna kitu. Nadhani ni jini."

"Jini? Shoga, majini ni ya Tanga huko, yanataka udi na halua. Yaje Tunduma kwenye vumbi la malori kufanya nini, kubadilisha kwacha?"

Lakini usiku huo hata Mbonile hakusinzia, maana kwanza ilikuja harufu, ya vumbi lililoungua na maziwa yaliyochacha, ikapita chini ya pazia ikatua juu ya kitanda, halafu ile krrrr, halafu spika, ambazo waya zake alikuwa amezing'oa mwenyewe jioni na kuzifungia kabatini, zikaanza kulia, mtoto analia ndani yake, mbali, na mikwaruzo ya santuri kuukuu juu ya kilio chake, na Tusekile akamtazama Tumaini mapajani mwake, mdomo wazi, bubu, analia kwa kufuatana kabisa na spika, pumzi kwa pumzi, na akajua sauti ile ni ya nani.

Kulipopambazuka wakafunua kifuniko. Sahani ilikuwa tupu. Mkono haukurudi nyumbani kwake. Ulikuwa umesimama njiani, juu ya sahani tupu, umebakiza upana wa kidole kufika katikati.

"Jana nilipochungulia ulikuwa hapa," Tusekile alionyesha. "Juzi hapa. Ukifika katikati, santuri inakuwaje?"

Mbonile akainamia sahani. "Inakuwa imekwisha."

"Basi ndivyo atakavyokwisha mwanangu."

"Naitupa. Naitupa chini ya lori sasa hivi!"

"Thubutu! Sauti yake imo humo. Ukiitupa, umemtupa na yeye."

Wakamwita Mchungaji Enoka. Alikuja na mafuta ya upako, akakipaka kifuniko, akanguruma mpaka watu wakasimama barabarani: "Toka! Toka!" Mashine ikakaa kimya kama kondoo. Mchungaji hajafika hata mlangoni, spika zikamwitikia kwa sauti yake mwenyewe, pole pole, kwa dhihaka: "Toka. Toka." Akatoka. Biblia aliisahau mezani.

Mbonile akavuka kwenda Nakonde kumtafuta aliyemuuzia. Tusekile akabaki, mtoto mgongoni kwenye kitenge, adhuhuri, honi za malori nje, akiikodolea ile mashine. Akawaza. Kile kichwa kipya kilipofungwa, kitu gani kilitokea? Hakuna. Kizee hiki kilipofungwa? Yupo humu ndani, amevuta stuli. Sote tunapaka mafuta nyumba, mwenyewe kakaa barazani, kwenye hiki kichwa!

Akachukua bisibisi. Skrubu ikagoma. Kitaa chekundu kikawaka. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjaa puani, na spika zikaongea, sauti ile ile ya mwanawe, laini, karibu na sikio:

"Mama. Mama, usinitoe."

Akaacha kuzungusha bisibisi. Halafu akasikia kicheko kikimpanda, kicheko cha hasira.

"Mjinga wewe. Mwanangu ana miezi saba. Hajui kusema."

Mkono ukaanza kutembea. Krrrr. Upana wa kidole ukawa nusu, na mgongoni Tumaini akaanza kulegea, na Tusekile hakuwaza tena, alibandika kiganja chake juu ya sahani pale pale katikati, mbele ya lile jicho, akasema, "Unataka cha kusoma? Soma hiki. Ulianza na asiye na meno, sasa njoo kwa mwenye nayo," na jicho likaona, na sindano ikashuka ndani ya nyama, ya moto, ikichimba mstari ulionyooka, na spika zikapiga yowe kwa sauti yake yeye mwenyewe, ingawa mdomo wake alikuwa ameufumba.

"Hujui kupinda, eh?" alisema huku ameuma meno. "Reli yako haikuruhusu. Mimi najua."

Akafumba ngumi, akauzungusha mkono wake wote. Mkono wa mashine haukuweza kumfuata. Kak! Kichwa kikang'oka na skrubu yake.

Mgongoni, Tumaini akalia. Alilia kwa koo lote, mpaka utingo mmoja kule nje akapiga kelele, "Mpe nyonyo huyo!" Tusekile akakaa chini sakafuni akacheka huku akilia.

Kile kidude alikitia kwenye jiko la mkaa, kikayeyuka. Sindano yake haikuwemo.

Mbonile aliporudi, bila kumpata muuzaji, akafunga kile kichwa kipya. Mzee Sebastian alikuja, akasikiliza akiwa amefumba macho. "Safi sana, fundi. Ila sauti imepoa kidogo, au masikio yangu?"

"Ndiyo iliyopo, mzee," Tusekile akadakia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Zaidi ya hapo haipo."

Mashine ilipoondoka, alimkalisha Mbonile kitandani, akamwonyesha kovu, mstari mweupe ulionyooka katikati ya kiganja, kisha akamwekea kiganja hicho sikioni. Mbonile akaruka kama aliyeguswa na umeme.

"Yumo!"

"Yumo, na hatoki. Hana reli humu. Akinisumbua nafumba ngumi, ananyamaza."

"Tumwambie mchungaji..."

"Nani? Aliyekimbia akaiacha Biblia? Na majirani wakijua, kesho mimi ndiye mchawi, na Tumaini mtoto wa mchawi. Niapie, baba Tumaini."

"Naapa. Sitamwambia mtu."

Tusekile akafumba ngumi, akaisogeza mdomoni, akaibana mpaka vifundo vikawa vyeupe.

"Na wewe?"

Kwanza palikuwa na mikwaruzo tu, kama santuri iliyofika mwisho. Halafu, ndani ya ngumi, sauti ndogo iliyonyenyekea ikajibu:

"Sitamwambia mtu mwingine zaidi yenu."